Mgongo Haulii Kama Mashine

Binti wa mgonjwa wangu mmoja wa wodi ya mahututi alikuwa akija kila alasiri kutoka Shela, hapa Malindi, na kichupa cha mafuta ya nazi mkobani. Siku ya tano alinisogelea akaninong'oneza: "Sista, niwie radhi. Mamangu ananuka mgongoni."

Tukamlaza ubavu. Juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapokaribiana na ngozi, palikuwa na kidonda cha upana wa kifuniko cha soda, kingo zake zimeshakuwa nyeusi. Ni kidonda cha kulalia upande mmoja bila kugeuzwa, na chati ilisema amegeuzwa kila baada ya saa 2. Sahihi mbili zilikuwa zangu, za usiku wa juzi, na usiku ule sikumgeuza.

Nawaandikia wauguzi wenzangu, hasa nyinyi mnaoanza kazi wodi ya mahututi. Watu wakisikia mgonjwa ameachwa, hudhani ni uvivu. Usiku ule tulikuwa wauguzi 2 kwa wagonjwa 5. Huku presha inashuka, kule mashine ya kupumulia inapiga king'ora, na dripu ya dawa inakaribia kwisha. Unakimbilia kinacholia. Mgongo haulii, wala kinywa kikavu hakilii. Tena kumgeuza mgonjwa mwenye mpira kooni kunataka watu wawili, mmoja ashike mpira usichomoke, na mwenzangu alikuwa kashikika.

Mwaka 2006, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, Beatrice Kalisch, alichapisha yale aliyoambiwa na wauguzi wa wodi za kawaida kuhusu huduma zinazorukwa. Miongoni mwa sababu 7 alizotaja, uchache wa watu umo. Lakini iliyonichoma mimi ni mazoea. Unaruka leo, asubuhi mgonjwa yuko vilevile, basi kesho huoni tabu kuruka tena.

Kwa hiyo, kwanza kabisa: usitie sahihi jambo ambalo hukulifanya. Sisemi hivi kwa kuogopa kushtakiwa tu. Chati iliyojaa sahihi inamwambia mkuu wa wodi kwamba wauguzi 2 wanatosha. Nafasi tupu ndiyo itakayomsaidia kuomba watu. Mimi kwa kalamu yangu nilikuwa nauficha upungufu uleule niliokuwa nikiulalamikia.

Mkikabidhiana zamu, msiishie kwenye dawa na vipimo. Taja kilichobaki: "Kitanda cha 4 hajageuzwa tangu saa 8 usiku, kinywa hakijasafishwa." Kinywa si urembo, uchafu wake huteremka mapafuni ukaleta nimonia. Na mwanzo wa zamu, afikianeni na wenzenu saa za kugeuza, kabla wodi haijachafuka.

Jamaa nao wanaona tusiyoyaona. Nilimwonyesha yule dada namna ya kumlowanisha mama midomo, na nikamweleza asisugue mafuta palipo na wekundu juu ya mfupa, kwani pale ngozi imeshaumia.

Jioni ile, kwenye kukabidhi, nilisema mbele ya wote: "Kitanda cha 4, usiku wa juzi sikumgeuza, na nilitia sahihi." Pakawa kimya. Kisha mwenzangu wa zamu ile akasema, taratibu, "Na mimi, kitanda cha 2."

Tukavaa glavu, tukaenda kumgeuza.