Usimfuate steringi peke yake

Kwetu mimi ndiye mchaguaji wa filamu za Jumamosi usiku, na kwa vichekesho na filamu za muziki za Hollywood ya zamani nimekubuhu. Anayeniomba ushauri humwambia hivi: ukishamwona steringi kwenye bango, shuka chini kwenye majina madogo. Mara nyingi raha yenyewe iko huko, mradi hao wa chini wamepewa muda wao.

Chukua Flying Down to Rio ya 1933. Wakubwa wa filamu ni Dolores del Río na Gene Raymond. Ginger Rogers na Fred Astaire wamewekwa wa nne na wa tano, na wanacheza pamoja ngoma moja tu, Carioca. Lakini ukimaliza kuitazama, hao wawili ndio utakaowazungumzia. Studio ya RKO nayo iliona: mwaka uliofuata ikawapa filamu yao wenyewe.

Singin' in the Rain ya 1952 ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Mtazame Jean Hagen, anayeigiza Lina, nyota wa filamu bubu. Mwanzoni, kwenye uzinduzi wa filamu yao, anatabasamu na kupunga mkono tu. Kila akitaka kusema, steringi mwenzake, Gene Kelly, anamwahi. Wakishafika nyuma ya pazia ndipo anapofungua kinywa, na ile sauti kali ya kukwaruza inatoka. Hapo huwa siangalii runinga, namwangalia mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza. Angeachiwa aongee tangu dakika ya kwanza, tungemchoka kabla ya kumcheka. Katika waigizaji wote wa filamu hiyo, yeye peke yake ndiye aliyeteuliwa kuwania Oscar. Humo humo yumo Cyd Charisse, anayetokea kwenye kipande kimoja cha dansi bila kusema neno, na watu hawamsahau.

Steringi naye anaweza kucheleweshwa makusudi. Katika Some Like It Hot (1959), Marilyn Monroe haonekani mpaka Tony Curtis na Jack Lemmon wamekwisha kuvaa magauni na kufika stesheni. Kwa hiyo ukiwa na watu wasio na subira, waambie mapema.

Kuna jambo jingine la kuangalia, na hili halichekeshi. Mtu akiimba vizuri ajabu halafu akatoweka kwenye hadithi, jiulize kwa nini. Lena Horne, mwimbaji Mweusi, mara nyingi alipangiwa na studio ya MGM wimbo uliojitenga na hadithi, ili kumbi za sinema za Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi wa rangi, ziweze kuukata bila filamu kuharibika. Ukitaka kumwona akipewa nafasi ya kuigiza, tafuta Cabin in the Sky au Stormy Weather, zote za 1943. Hiyo ya pili ina ndugu wawili Nicholas wanaoruka ngazini na kutua kwa msamba. Usiende kuchemsha chai wakati huo.

Za siku hizi nazo zina mitego yake. Mamma Mia! Here We Go Again ya 2018 ina jina la Meryl Streep, ila mwenye kazi kubwa ni Lily James. Streep anaonekana kidogo mno, na Cher anashuka kwa helikopta filamu ikikaribia kwisha. Kama mama mkwe amekuja kwa ajili ya Streep, mwekee Mamma Mia! ya kwanza, ile ya 2008.