Jina Nilibadilisha, Redio Ikamtaja

Ninyi watafiti wa jamii mnaorudi kutoka uwandani, mlikoishi na watu mnaowaandika, na madaftari yaliyojaa mtaambiwa kwamba ugumu wa kuandikia umma ni lugha: punguza istilahi, fupisha sentensi. Hayo hujifunzwa kwa wiki chache, na mhariri mzuri atakusaidia. Kilichoninyima mimi usingizi ni kingine.

Nilikesha na walinzi wa usiku kwa miezi 14. Tasnifu ilipopita, nikaandika makala ya gazeti. Mlinzi mmoja nilimbadilisha jina, nikaficha mahali anapolinda, hata umri nikauongopea. Ila redio yake niliiacha kama ilivyo: ndogo, kifuniko cha nyuma kimepotea siku nyingi, betri zimeshikiliwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Niliipenda ile redio, na kusema kweli ndiyo iliyoifanya makala isomeke. Ndiyo pia iliyomfichua, maana kila aliyewahi kupita getini kwake usiku aliijua. Msimamizi wake akafika kwenye aya niliyoeleza anavyosinzia saa tisa usiku, akamwita. Hakufukuzwa. Alihamishiwa lindo la mbali, na tangu hapo simu zangu akawa anazijibu kwa "ndiyo" na "hapana".

Jina la kupanga humficha mtu kwa wageni. Majirani hawababaiki nalo. Utafiti wetu huishi kwa vitu vidogo kama ile redio, na hivyohivyo ndivyo vinavyomtambulisha mwenyewe. Ndani ya tasnifu havina madhara makubwa, kwa kuwa wasomaji ni watano na watatu kati yao ni watahini.

Wakubwa wetu nao walijikwaa papo hapo. Mwaka 1958 wanasosholojia Arthur Vidich na Joseph Bensman walitoa kitabu kuhusu mji mdogo wa jimbo la New York, wakauita Springdale. Wenyeji wakajitambua. Kwenye gwaride la Julai 4 wakapita ndani ya magari, wamevaa vinyago, na magari yameandikwa yale majina waliyobandikwa kitabuni. Nyuma yao ikafuata mashine ya kutawanyia samadi, na juu yake sanamu ya mwandishi imeinamia mzigo. Sijasoma uhakiki mkali kuliko huo.

Jambo la pili ni neno "baadhi". Wewe utaandika "baadhi ya walinzi, usiku fulani fulani, husinzia". Gazetini litatoka "walinzi wanalala kazini". Ombeni kuona kichwa cha habari kabla hakijachapwa. Mara nyingi mtakataliwa, lakini ombeni. Redioni nako mtaulizwa ni asilimia ngapi. Msibuni namba. Mimi sasa hujibu kwamba asilimia ni kazi ya dodoso, ila naweza kueleza kwa nini anayesinzia husinzia saa tisa na si saa sita: msimamizi hupita saa nane, na akishaondoka hakuna anayekuja tena mpaka alfajiri. Mtangazaji akishasikia hilo, namba huisahau.

Fomu ya ridhaa aliyosaini mtu wakati wa utafiti usiihesabu kuwa ruhusa ya gazeti. Siku hizi narudi na rasimu, naketi, namsomea mhusika kwa sauti aya zinazomhusu. Simuulizi kama ameridhika, kwa sababu mtu mstaarabu atasema ameridhika hata kama moyo unamuuma. Namuuliza, "Nani akisoma hapa atajua ni wewe?" Hapo ndipo kazi huanza, na hukumu zangu kuhusu kipi ni aibu na kipi si aibu huanguka karibu kila mara. Mlinzi mmoja aliniachia habari yote ya kusinzia, akacheka kabisa. Alichoomba nikitoe ni maneno manne tu niliyoyaandika bila kuyafikiria: viatu vyake vya kuazima.