Uzamili Kuhusu Familia za Wahamiaji

SWALI: Mhariri, nina shahada ya kwanza ya sosholojia na natamani kusomea uzamili kuhusu familia za wahamiaji. Wazazi wangu walitoka Kongo, nami nimekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Je, kuwatafiti watu wangu mwenyewe si kasoro? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, si kasoro hata kidogo, bali ni amana. Wanasosholojia William Thomas na Florian Znaniecki, walipoanza mwaka 1918 kuchapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa Poland waliohamia Marekani, walitegemea sana barua ambazo familia ziliandikiana, na Znaniecki mwenyewe alikuwa Mpolandi. Wewe unaweza kuketi na bibi anaposikiliza ujumbe wa sauti aliotumiwa kutoka Bukavu, ukatambua mahali anaponyamaza na kwa nini anashusha simu mjukuu akiingia. Mgeni angehitaji mkalimani, na mkalimani humeza mengi.

Isome kwa makini Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inayowaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, kwa sababu bila hiyo hutaelewa jinsi baba anavyofanya biashara Kampala huku watoto wakibaki makazini. Vibali vitafute mapema: kamati ya maadili ya utafiti, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili ya kuingia makazini. Jamaa zako wa karibu, nakusihi, usiwahoji; watakujibu kama mtoto wao, wala si kama mtafiti.