Ukumbi tulipata, saa ndiyo tuliyonyimwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, sheria izilazimishe kumbi za sinema kuonyesha filamu za nyumbani?" Najibu ndiyo, tena kwa hasira, kwa kuwa nimewahi kusimama mlangoni mwa ukumbi nikiwa nimekumbatia diski yenye kazi ya miaka mitatu, naambiwa njoo kesho. Ila swali langu mimi ni jingine: wazionyeshe saa ngapi?

Maana ukumbi tuliupata. Baada ya barua zisizojibiwa na simu za "meneja katoka kidogo", tulipewa Jumanne, saa tano asubuhi, onyesho moja. Nani huenda sinema Jumanne saa tano asubuhi? Mstaafu, mtoro wa shule, na mama mzazi wa mwigizaji.

Kwenye filamu ile nilikuwa mtu wa sauti. Siku ile nikawa pia mchukuzi na mkata tiketi. Fundi wa projekta akachomeka diski, mashine ikanyamaza kama hakuna kilichochomekwa. Kumbe tuliiandaa diski kwa kompyuta ya nyumbani, na mashine ya ukumbi haisomi mpangilio ule. Fundi, mtu mpole asiye na maneno mengi, akaenda kutafuta kompyuta nyingine ya kunakilia. Nakala ya filamu ya sinema ni nzito, si video ya simu. Dakika arobaini! Nje palikuwa na watu kumi na wanne. Niliwahesabu kila baada ya dakika tano, na kila nikihesabu wanapungua. Tulipoanza walibaki tisa.

Halafu ikaja sauti. Tulirekodi picha 25 kwa sekunde. Aliyetutengenezea nakala akaiteremsha hadi 24 na kuiacha sauti iburutwe nayo. Filamu ya dakika 90 ikawa ya karibu 94, na binti shujaa wetu akaongea kama mtu aliyeamka na mafua. Sidhani kama wengine waligundua. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Meneja aliingia katikati, akakaa kiti cha nyuma kabisa hadi mwisho. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Akaniwahi: filamu nimeipenda, lakini skrini kubwa ya Jumamosi si yangu. Msambazaji wa filamu kubwa huitoa kwa sharti, akasema: ukumbi mkubwa uwe wake, maonyesho yote, wiki kadhaa mfululizo. Ukikataa, hupewi. Na wiki za mwanzo sehemu nono ya tiketi ni ya msambazaji; ukumbi wenyewe huishi kwa bisi na soda. Watu tisa watanunua bisi ngapi?

Tangu siku ile hasira yangu ina ufa. Korea Kusini walikuwa na sheria ya kumbi kuonyesha filamu za kwao siku 146 kwa mwaka. Mwaka 2006, mazungumzo ya biashara na Marekani yakikaribia, zikapunguzwa hadi 73, na waigizaji na waongozaji wakaingia barabarani kupinga. Nawaelewa kabisa. Lakini hata Jumanne ni siku. Ufaransa, tangu mwaka 1948, kila tiketi hukatwa tozo, hata ya filamu ya Marekani, na fedha hizo huwarudia watengeneza filamu na kumbi zenyewe. Kwa mpango kama huo meneja wangu angeweza kunipa Ijumaa jioni, pengine na wiki ya pili. Filamu isiyo na mabango hutangazwa na mtu kumwambia jirani yake, na kabla jirani hajapata nafasi, sisi tulishaondolewa.

Naona nilianza na ndiyo, sasa naandika kama mtu wa hapana. Tuseme ndiyo, iwapo sheria itataja saa na mwenye ukumbi atafidiwa. Bila hayo, tutaongezewa Jumanne tu. Wala isiwe filamu yoyote ile: ya kwetu, kwa sauti ile ya mafua, nisingemlazimisha mtu kuionyesha.

Aliyekuwa mpiga picha wetu ana filamu yake mwenyewe sasa. Wamempa Alhamisi, saa nane mchana. Mwaliko ninao tangu juzi, na ruhusa kazini bado sijaomba.