Maswali ya wakulima: fosforasi haiji na mvua

Mahindi yangu machanga yana majani ya zambarau. Niongeze urea? (Kakamega)
Hapana. Urea ni naitrojeni tupu, na zambarau hiyo mara nyingi ni njaa ya fosforasi, ingawa baridi nayo huileta. Udongo mwekundu wa kwenu una chuma na aluminiamu vinavyoing'ang'ania. Pima udongo, ukiwa mchachu, anza na chokaa.

Naweza kuweka DAP (mbolea ya fosforasi na naitrojeni) mahindi yakifika magotini?
Tumelijibu mno hili. DAP ni ya kupandia! Fosforasi haitembei udongoni, mzizi ndio unaoifuata.

Fosforasi ikishasombwa shambani, si hurudi na mvua? (Sengerema)
Hairudi. Naitrojeni imejaa hewani, na maharage yako huivuta bure. Fosforasi haina njia hiyo. Hutoka kwenye mwamba unaolika polepole, ikaingia kwenye mmea, ng'ombe, samadi na mfupa, kisha udongoni tena. Huo ndio mzunguko, na unazunguka ilimradi udongo ubaki mahali pake. Ukisombwa, fosforasi huishia Ziwa Victoria, ikalisha mwani na magugumaji, halafu ikalala kwenye tope la chini. Tope hilo kugeuka mwamba na kuinuka nchi kavu ni mamilioni ya miaka. Kwa hiyo mwenye shamba la mteremko lisilo na matuta ananunua mfuko dukani na kuusafirisha ziwani kwa gharama zake. Na wa mjini msicheke: maji ya vyoo vyenu yanakwenda huko huko.

Ni kweli mbolea ya Minjingu, ile ya fosforasi ya Tanzania, imetokana na ndege?
Kweli, masalia ya ndege wa ziwa la kale, jirani na Manyara ya leo. Ile fosfeti ghafi, yaani mwamba wenye fosforasi, huyeyushwa na uchachu wa udongo, basi kwenye udongo wa magadi usiisumbukie. Muuzaji hatakuambia.

Mifupa ya bucha ina faida shambani?
Ina fosforasi tele. Ichome, iponde, changanya na samadi. Usiichome pamoja na mifuko ya plastiki, kama ninavyoona watu wakifanya.

Nitumie vidonge gani vya fosforasi?
Unakula dagaa, maharage, maziwa? Basi hakuna. Mwenye figo mbovu ndiye wa kuhofia kuzidi: asome vibandiko vya soseji na soda nyeusi, maana fosfeti ya kiwandani hufyonzwa mwilini zaidi kuliko ya maharage.