Msihesabu kilio: kwa mnaoanza kupima mfungamano wa mtoto na mlezi wake

Nimetazama video za wanafunzi wapya hapa Moshi nikashika kichwa. Fomu baada ya fomu: "Alilia sana mama alipotoka," halafu pembeni, kundi C, la wasiotulizika hata mama akirudi. Wadogo zangu, nani kawafundisha hivyo?

1. Hali Ngeni, jaribio la mwanasaikolojia Mary Ainsworth la kumtenganisha mtoto na mama kwa muda mfupi kisha kuwakutanisha, ina vipande 8, na uzito uko kwenye kile cha 5 na cha 8, mama anaporudi. Mtoto anaweza kulia mpaka makamasi, kisha akainua mikono, akabebwa, akanyamaza na kurudia vikopo vyake. Huyo ni B, mwenye mfungamano salama. Yule mtulivu anayempa mama mgongo, yaani A, mkwepaji, ndiye wa kurudia kumtazama: watafiti Sroufe na Waters waliwapima watoto wa aina hiyo mapigo ya moyo, 1977, wakakuta utulivu uko usoni tu. Tazameni mara moja bila sauti.

2. Mgeni anayeingia chumbani wakati wa jaribio awe mgeni kweli. Hapa niliumbuka. Nilipoanza nilimchukua nesi mmoja, mcheshi, anayependa watoto, nikajipongeza. Watoto wetu walikuwa wa miezi 12 hadi 18. Chanjo ya surua-rubella hutolewa miezi 9, na aliyewachoma wengi wao ni yeye! Kila mama pale alilijua hilo isipokuwa mimi mtafiti. Mtoto mmoja alikuwa mkekani akigonga mfuniko wa sufuria. Mlango ukafunguka, mfuniko ukamponyoka, akampanda mama kama paka. Mimi nyuma ya pazia naandika: "woga wa wageni, mkubwa." Kipande cha 4, mama akiwa ametoka na mtoto kabaki na mgeni, kilitakiwa kukatizwa mapema maana mtoto alishazidiwa, nikakiacha kiishe dakika zake 3. Mama aliporudi, mtoto anapiga mateke, anajipinda, habembelezeki. C. Aliyefuata, C. Nikafika mahali pa kuandika aya nzima kuhusu kina mama wa Moshi na malezi yao yasiyotabirika. Msimamizi wangu alitazama video moja, akauliza, "Huyu dada anafanya kazi wapi?" Nikamjibu. Akanirudishia flashi bila neno. Nilikuwa nimepima sindano, na kina mama wa watu ndio nikawatia hatiani. Video zote za nesi yule tulizitupa. Siku hizi mgeni wangu hupanda basi kutoka Arusha, na nauli yake imo kwenye bajeti.

3. Chajini betri zote mbili za kamera usiku. Umeme wa TANESCO hauna mkataba na ratiba yenu.

4. Andikeni nani amemleta mtoto na nani anashinda naye, maana mtoto anaweza kuwa B kwa bibi na A kwa mama. Tena jueni watu wanavyopokeana nyumbani. Watafiti Kermoian na Leiderman walipofanya kazi kwa Wagusii wa Kenya, 1986, walizingatia kwamba watoto kule husalimiwa kwa kupewa mkono. Ukisubiri kumbatio utawaonea. Na bibi akisindikiza, msimkalishe koridoni. Bibi mmoja wa kwetu alikohoa kidogo tu koridoni katikati ya kipande cha 5. Mama amepiga magoti, amefungua mikono, na mtoto anampita akitambaa kuelekea mlangoni. Bibi akae kule chini ya mparachichi, na chai mumpelekee hukohuko.