Dawa zinaisha kabla ya mzigo kufika: kamati ianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji, wilayani Pangani. Kila robo mwaka dawa zinakatika mwezi mzima. Mganga mfawidhi anasema wagonjwa wengi ni wa msamaha. Wanakijiji wanasema dawa zinauzwa. Tumwamini nani?
Mjumbe, Pangani

JIBU: Kuhusu msamaha, mganga ana hoja. Mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee asiyejiweza wa miaka 60 na kuendelea hawatozwi, na ndivyo inavyotakiwa, ila dawa waliyopewa imetoka kwenye fungu lilelile linalotegemewa kununua nyingine.

Hata hivyo, kabla ya kugusa habari ya pesa, fungueni leja ya dawa. Tuseme amoksilini zimetoka vidonge 600 kwa siku 90. Mwagizaji anagawa kwa 3, anapata 200 kwa mwezi, anaagiza 600 nyingine. Sasa angalieni safu ya salio: siku 30 za mwisho ni sifuri tupu. Kumbe zile 600 zililiwa kwa siku 60, na mahitaji halisi ni 300 kwa mwezi, yaani 900 kwa robo. Kwa hesabu ya kwanza mtaletewa 600 kila mara, mtakaa siku 30 mikono mitupu kila mara, na karatasi itasoma kuwa mambo ni shwari. Siku za sifuri zitolewe kwanza ndipo mgawe.

Tuhuma ya wizi nayo hupimwa kwa leja hiyohiyo. Chagueni siku moja, jumlisheni dawa zilizoandikiwa wagonjwa, mlinganishe na zilizotoka stoo. Zikipishana, ulizeni maswali. Zikilingana, wanakijiji waelezwe mkutanoni.

Dawa mseto ya malaria, chanjo na dawa za TB huja kupitia miradi msonge, yaani miradi ya ugonjwa au huduma moja yenye dawa zake, kwa hiyo fedha ya zahanati isipangiwe huko. Dawa nyingine ikikosekana MSD (Bohari ya Dawa ya serikali), pateni kwanza taarifa ya maandishi kwamba haipo, ndipo muende kwa Mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo la MSD. Wengi hukimbilia duka la jirani bila karatasi hiyo, na mkaguzi akija inakuwa hoja.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Lakini haziguswi nje ya mpango uliopitishwa. Dawa zisipoandikwa humo, fedha italala benki huku rafu zikiota vumbi.

Mwisho, bima. Fomu za kudai malipo ya bima hukatwa fedha kwa vitu vidogo: sahihi ya mgonjwa haipo, namba ya kadi imekosewa, dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa, au ni ya ngazi ya juu kuliko zahanati. Kila kikao mganga alete tarakimu tatu: tumedai kiasi gani, tumelipwa kiasi gani, tumekatwa kiasi gani na kwa nini. Hiyo ya tatu ndiyo ya kukalia. Kama ni sahihi zinazosahaulika, fomu zisainiwe mgonjwa akiwa bado dirishani; akishapanda bodaboda hamtampata tena.

SWALI: Je, kamati inaweza kupandisha ada ili tununue dawa?
Msomaji, Mkinga

JIBU: Pendekezeni halmashauri; msijipangie wenyewe. Na kabla ya hapo, linganisheni risiti za mwezi mmoja na kilichoingia benki.